Ubongo Hauendi Kuungama



Kuna udhuru mpya umeingia katika vikundi vyetu, nao umevaa koti jeupe la maabara. Zamani aliyekosa alisema, "Shetani alinijaribu." Mwingine alisema, "Nimerogwa." Siku hizi yule aliyesoma kidogo na mwenye simu mkononi anasema, "Wataalamu wamethibitisha kwamba mtu hana hiari. Ubongo huamua kwanza, nami napewa habari baadaye. Mbona mnanilaumu?" Maneno haya yamefika hapa kwetu Luena. Yanasemwa baada ya mkutano wa vijana, na tumeyasikia hata vinywani mwa wale wanaojiandaa kupokea Kipaimara. Sisi tuliopewa kazi ya kufundisha katekisimu hatuwezi kuyapita kimya, kwa maana kijana anayeyasadiki hujitoa katika maisha yake mwenyewe na kuacha humo kiti kitupu.

Hatutawajibu kwa kuikataa sayansi. Mkristu hana sababu ya kuogopa jambo lililopimwa vizuri, kwa kuwa Mungu aliyetupa imani ndiye aliyeuumba ubongo. Tutafanya kile ambacho mwalimu humwomba kila mwanafunzi: kusoma swali mpaka mwisho kabla ya kuandika jibu. Basi tuulize, wataalamu hao walipima nini hasa?

Mwaka 1965, katika mji wa Freiburg nchini Ujerumani, Hans Kornhuber na Lüder Deecke walitangaza kwamba kabla mtu hajasogeza kidole kwa hiari yake, umeme mdogo sana huanza kupanda polepole katika ubongo wake. Umeme huo husomwa kwa vyuma vidogo vinavyobandikwa juu ya ngozi ya kichwa. Sisi tuuite umeme wa maandalizi. Mwaka 1983 Benjamin Libet wa San Francisco, Marekani, alikwenda mbele zaidi. Aliwaketisha watu wachache mbele ya saa yenye nukta inayozunguka haraka, akawaambia wakunje kidole au kifundo cha mkono wakati wowote wapendao, kisha waseme nukta ilikuwa wapi walipotambua kwamba wanataka kukunja. Akakuta kwamba umeme wa maandalizi ulianza yapata nusu sekunde kabla ya mkono kusogea, lakini mtu alitambua kutaka kwake yapata sehemu moja ya tano ya sekunde tu kabla ya tendo. Kwa hesabu hiyo ubongo ulikuwa umekwisha kuanza kazi, na mwenye ubongo alikuwa hajajua bado.

Hapo ndipo mahubiri ya wanaokana hiari yanapoanzia, na hapo ndipo sisi tunapowasimamisha.

Kwanza, tazameni tendo lililopimwa. Ni kukunja kidole bila sababu yoyote. Watu wale waliombwa wasipange kitu mapema, bali wangoje hamu ije yenyewe. Nani kati yenu amewahi kuungama dhambi ya kukunja kidole? Mtakatifu Thomasi wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, hakuwa na mashine ya kupima umeme wa kichwa. Hata hivyo, mwanzoni mwa sehemu ya pili ya Summa Theologiae alitenga aina mbili za matendo. Kuna tendo la kibinadamu kwelikweli, litokalo katika kufikiri na kukusudia. Na kuna tendo ambalo mtu hulifanya tu, kama kuchezesha mguu au kushikashika ndevu huku mawazo yake yako kwingine. Hilo la pili, afundisha Thomasi, halistahili kuitwa tendo la kibinadamu kwa maana kamili. Basi Libet alipima jambo lililo karibu sana na zile ndevu za Mtakatifu Thomasi, na watu wakatangaza kwamba amekamata dhamiri.

Pili, Libet mwenyewe hakufundisha yale yanayosemwa kwa jina lake. Alishika kwamba hata baada ya umeme kuanza, mtu anabaki na nafasi ya kulizuia tendo lisitoke. Mwaka 2016 wataalamu wa Berlin walilijaribu jambo hilo. Mashine ilisoma umeme wa ubongo wa mtu, na mara ilipoona maandalizi yameanza, iliwasha taa ya kumwambia asimame. Watu waliweza kusimama ingawa umeme ulikuwa umekwisha kupanda, ila wakichelewa mpaka sehemu moja ya tano ya sekunde ya mwisho. Yaani hamu inaweza kubisha hodi, nawe ukakataa kufungua. Kitabu cha Mwanzo kilikuwa kimekwisha kutufundisha hivyo: Kaini alionywa kwamba dhambi inamvizia mlangoni, na kwamba ni juu yake kuitawala.

Tatu, wengine huleta jaribio la mwaka 2008. Humo wataalamu walitumia mashine kubwa ya kupiga picha za ubongo, wakaweza kukisia mapema, hata sekunde 10 kabla, kama mtu atabonyeza kwa mkono wa kushoto au wa kulia. Sekunde 10 zinatisha. Lakini makisio hayo yalikuwa sahihi yapata mara 60 katika 100, na anayerusha sarafu hewani hupata mara 50. Mtabiri anayekosea mara 40 katika 100 asituambie kwamba ameshika ufunguo wa roho ya mtu.

Nne, hata ule umeme wa maandalizi umepata maelezo mengine. Mwaka 2012 Aaron Schurger na wenzake nchini Ufaransa walionyesha kwamba ubongo haunyamazi kamwe. Umeme wake hupanda na kushuka kama mawimbi, na mtu asiye na sababu ya kuchagua sasa au baadaye husogeza kidole wimbi linapofika juu. Ukiyakusanya mawimbi mengi ya namna hiyo na kuyatazama kwa kurudi nyuma kutoka kwenye tendo, yataonekana kama mlima uliopandwa kwa makusudi, kumbe huenda hakuna uamuzi wowote uliofichwa pale. Kisha, mwaka 2019, Uri Maoz na wenzake walitoka katika kidole kitupu na kuwapa watu uchaguzi wenye uzito: ni shirika gani la msaada lipewe fedha. Katika uchaguzi usio na maana, umeme wa maandalizi ulionekana kama kawaida. Katika uchaguzi wenye maana, watu walipopima na kuamua kweli, haukuonekana. Jaribio moja halimalizi ubishi, lakini linatosha kutuonya: habari za kidole haziwezi kubandikwa juu ya dhamiri.

Tunaongeza jambo ambalo wapinzani wetu hawalijui kuhusu imani yetu. Wanadhani sisi tunasadiki kwamba roho imeketi ndani ya mwili kama dereva ndani ya lori, na kwamba wakikuta injini imeguruma kabla ya dereva kugusa ufunguo, tumeshindwa. Wanapigana na sanamu ya shambani ya kufukuza ndege. Mtaguso wa Vienne, mwaka 1312, ulifundisha kwamba roho ndiyo umbo la mwili, na mtu ni mmoja. Tukiambiwa kwamba ubongo hufanya kazi tunapoamua, tunajibu: na ungefanya nini kingine? Tunafikiri kwa ubongo kama tunavyoona kwa macho. Hakuna aliyewahi kusema kwamba ni macho yaliyosoma barua, na mwenye macho hakuisoma.

Yuko mpinzani hodari kuliko hao, na si haki kumficha. Robert Sapolsky, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford, ambaye kwa miaka mingi aliwachunguza nyani wa porini nchini Kenya, alitoa mwaka 2023 kitabu kiitwacho Determined. Yeye hategemei kidole cha Libet. Anasema kila tendo lina mizizi: njaa ya asubuhi, homoni, malezi ya utotoni, hali ya tumbo la mama, mila za mababu. Anasema ukiifuata mizizi hiyo yote hutakuta mahali palipobaki kwa ajili ya hiari, na kwa hiyo tuache kuwachukia wakosaji. Huruma yake tunaiheshimu, lakini hitimisho lake tunalikataa. Kutoka "kila tendo lina mizizi" mpaka "hakuna mtendaji" kuna mto mpana, naye ameuvuka bila daraja. Tena yeye mwenyewe ameandika mamia ya kurasa ili tupime hoja zake na kubadili mawazo yetu. Atajibu kwamba ushawishi nao ni msukumo tu, kama upepo unaosukuma jani. Lakini upepo hauulizwi kama unasema kweli, hoja huulizwa. Kiumbe anayeweza kuuliza "Je, ni kweli?" kabla ya kukubali, na "Je, ni haki?" kabla ya kutenda, huyo ndiye sisi tunayemwita huru.

Sasa tuyalete maneno haya nyumbani, kwa maana ubishi huu hapa Luena si mchezo wa wasomi. Udhuru wa ubongo haukukuta kwetu nyumba tupu; ulikuta ndugu zake wakubwa wawili wamekwisha kuketi.

Ndugu wa kwanza ni ulozi. Kijana amezama katika lutuku, ameuza vyombo vya mama yake, na familia inakutana kutafuta ni nani aliyemfunga. Mara nyingi kidole kinaelekezwa kwa bibi mzee asiye na mtetezi, au kwa mtoto yatima anayelelewa na shangazi. Mmoja amekosa, mwingine anafukuzwa nyumbani. Yule anayesema "ni ubongo" hujiona ameendelea kuliko mjomba wake anayesema "ni mchawi". Hajaendelea hata hatua moja. Amebadilisha tu anayekalia kiti cha mshitakiwa: jana bibi, leo ubongo, na yeye mwenyewe hakikalii kamwe. Udhuru huu ni wa zamani kama bustani ya Edeni, ambamo Adamu alimtaja mwanamke, na mwanamke akamtaja nyoka.

Ndugu wa pili ni ule usemi wa kwamba nchi ndivyo ilivyo. Mji wetu ulijengwa na makaa ya mawe na reli, na kila mmoja anajua jinsi kazi zilivyopungua. Katika ukavu huo methali njema hugeuzwa kuwa sheria mbaya. "Mkono mtupu haulambwi," anasema anayeuza pointi za mtihani. "Mkono mtupu haulambwi," anasema anayezinunua. Msichana anaambiwa kwamba bila kukubali jambo fulani hatapita darasa, na anayemwambia hivyo husema kwamba mwanamume ndivyo alivyoumbwa. Ati ni damu, ni homoni, ni ubongo. Vijana wa kike wa vikundi vyetu, tunawaambia: anayetaja ubongo wake mbele yenu ameamua mapema, wala si ubongo uliofunga mlango wa ofisi.

Tarehe 2 Februari 2023, katika uwanja wa Stade des Martyrs mjini Kinshasa, Papa Fransisko alizungumza na vijana na makatekista wa nchi yetu. Aliwaomba watazame mikono yao, akakipa kila kidole neno lake: sala, jumuiya, uaminifu, msamaha, huduma. Alipofika kwenye uaminifu alimtaja kijana mmoja wa Goma, Floribert Bwana Chui.

Floribert alizaliwa mwaka 1981. Alikuwa mlei kama sisi, mwanajumuiya wa Sant'Egidio, rafiki wa watoto wa barabarani. Aliajiriwa na OCC, ofisi ya serikali inayokagua bidhaa, na kazi yake ilihusu bidhaa zilizoharibika. Alipewa fedha ili aachilie chakula kilichooza kiwafikie wananchi. Hakukunja kidole kwa hamu ya ghafula. Alipima: fedha hizi zitakwisha upesi, na watakaokula chakula hiki watapatwa na nini? Alizungumza na mtawa aliyemwamini. Alikataa, akashikilia kukataa kwake ingawa alijua nchi ilivyo. Tarehe 7 Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa. Alikuwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, mjini Roma, Kanisa lilimtangaza Mwenye heri.

Wapimeni sasa wanaokana hiari kwa mizani ya kijana huyu. Kama hakuna hiari, basi kukataa kwake hakuna tofauti na mvua iliyonyesha Goma siku ile au nyingine, na waliomwua hawana hatia kuliko jiwe lililoporomoka mlimani. Hakuna wa kusifiwa, hakuna wa kuhukumiwa, hakuna wa kuombwa msamaha. Wanadhani wanawafungulia wakosaji gereza, kumbe wanamnyang'anya shahidi taji lake na kumfungia mnyonge mlango wa mahakama. Naye Floribert alikuwa na ubongo kama wetu, na mwili uliojua hofu kama wetu. Alizaliwa katika nchi hiihii, yenye vishawishi hivihivi. Mizizi yake ilikuwa ile yetu, lakini tunda alilichagua.

Hatusemi haya ili tuwarushie mawe walioanguka. Kanisa halijafundisha kamwe kwamba watu wote wako huru kwa kipimo kimoja kila saa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1735, inatambua kwamba lawama ya tendo huweza kupungua, hata kuondolewa, kwa sababu ya kutojua, kulazimishwa, hofu, mazoea na sababu nyingine za nafsi au za jamii. Aliyetekwa na wenye silaha na kulazimishwa kubeba mizigo yao hakuchagua. Aliyeshikwa na lutuku tangu utotoni amedhoofishwa kweli, na hapo wataalamu wa ubongo ni rafiki zetu, kwa sababu wanatuonyesha jinsi ulevi unavyoteka sehemu za ubongo zinazohusika na hamu na za kujizuia. Mtakatifu Paulo, katika barua kwa Warumi, alilia kwamba hatendi lile jema alitakalo. Lakini angalieni: hakumaliza kilio chake kwa kusema kwamba yeye si kitu. Alimtafuta Mwokozi. Mtaguso wa Trento, mwaka 1547, ulishika mambo yote mawili: kwamba hiari yetu imejeruhiwa kwa dhambi ya Adamu, na kwamba haikuzimwa. Kwa hiyo mlevi tunamwambia neno ambalo anayekana hiari hawezi kumwambia: "Umejeruhiwa, ndugu, na bado ni wewe. Simama, tutakushika mkono."

Hiari iliyojeruhiwa hutibiwa kwa mazoezi. Tazameni njia ya kwenda shambani. Haikuchongwa na tingatinga. Ilifunguliwa na miguu iliyopita kila siku. Ikiachwa masika mawili, majani huifunika. Ubongo nao ni hivyohivyo: kinachorudiwa huwa chepesi, kinachoachwa hufifia. Basi anayesema "tabia ni ngozi" amesema nusu tu ya kweli, kwa maana ngozi hii tunaishona wenyewe, tendo baada ya tendo, mpaka ituenee. Wazee walisema vizuri zaidi: samaki mkunje angali mbichi. Ninyi bado ni wabichi. Anayejifunza leo kurudisha franka mia moja alizozidishiwa sokoni anafungua njia ambayo kesho, mbele ya bahasha nono, miguu yake itaijua. Floribert hakuanza kuwa mwaminifu siku alipopewa fedha zile.

Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu, na tunawaomba kwa msisitizo wa wazazi. Kila jioni, kabla ya kulala, jichunguzeni dhamiri na kulisema kosa kwa nafsi ya kwanza: "nilisema", "nilichukua", "nilikataa". Lisemeni hivyo hata kama kulikuwa na sababu hamsini. Kila wiki chagueni tendo moja dogo la kujinyima, ili nafasi ile ya kukataa, ambayo Libet aliiona kuwa fupi, iwe ndefu ndani yenu. Na nendeni kwa padri mpokee sakramenti ya Kitubio, mahali ambapo hakuna anayeingia kwa niaba ya mwingine. Bibi yako haungami kwa ajili yako. Ubongo wako hauendi kuungama na kukuacha wewe nje. Unaingia mzima, mwili na roho, unasema "mimi", na kwa neno hilo dogo unarudi kuketi katika kiti chako, na Mungu anapata mtu wa kumsamehe.

Maswali ya kutafakari katika kikundi:

1. Katika familia na shule zetu, ni nani au ni kitu gani hushitakiwa badala ya mtendaji? Ni nani anayeumia kwa sababu hiyo?

2. Ni tendo gani dogo ambalo kikundi chetu kinaweza kulirudia kila wiki mpaka liwe njia?

3. Yuko nani kati yetu aliyejeruhiwa na ulevi, hofu au umaskini hata hiari yake ikadhoofika? Tutamshikaje mkono bila kumdharau, na bila kumdanganya kwamba hawezi kitu?